Kumcheka Mwenye "Cope Up" Ni Uvivu

Pale Makutano, Meru, mtu akimwambia dereva "nipick saa nne, unidrop Chuka", kila mtu ameelewa. Kitenzi cha Kiingereza kimevaa viambishi vya Kiswahili, na kijineno cha nyuma, "up" au "off", kimedondoka njiani. Lakini mwanafunzi wa Embu akiandika "pick me at the stage" kwenye insha, anakatwa alama. Akiandika "cope up with", anachekwa kabisa: Kiingereza cha ushago!

Mimi nasema kicheko hicho ni uvivu. Mtoto amesikia "keep up with", "catch up with", "put up with". Ameona mpangilio, akaufuata. Si huyo anafikiri? Wamarekani walipoongeza "up" kwenye "meet", nani aliwacheka?

Na kazi hii tunaijua tangu utotoni. Funga, fungua, fungia, fungana: mzizi mmoja, mkia unageuza maana. Kimeru na Kiembu hufanya vivyo hivyo. Kiingereza nacho huweka mkia kando: "give in" ni kusalimu amri, "give up" ni kukata tamaa, "give away" ni kugawa bure. Walimu, anzeni hapo, badala ya kutupatia orodha ya kukariri KCSE ikikaribia.

Sipingi usahihi. Mtihani una kanuni zake na alama tunazihitaji. Ninachokataa ni kijineno cha herufi mbili kugeuzwa kipimo cha akili ya mtu na kwao alikotoka. Msahihishe, usimcheke.