Kahawa ya mayi si makosa ya tahajia

Kaka yangu aliporudi Kolwezi kutoka Lubumbashi alituletea mashine ndogo ya espreso. Jioni hiyo sebuleni tulikuwa watu wanane. Mashine ilinguruma, ikatoa vidole viwili vya kahawa nyeusi, na mama akauliza kama ile ni dawa ya kikohozi. Kisha akaamuru: “Ongeza mayi, batu beko mingi.”

Niliongeza vibaya. Niliiacha mashine ipitishe maji kwenye unga uleule mpaka kikombe kikajaa, tukanywa uchungu mtupu. Espreso hupatikana kwa kusukuma maji ya moto, kwa presha ya baa 9 hivi, yapenye unga laini ulioshindiliwa. Katika sekunde 25 hadi 30 utamu umeshatoka. Ukiendelea unavuta ukali tu.

Siku iliyofuata gramu 16 za unga zilinipa gramu 32 hivi za kahawa, nikazima. Juu yake nikamimina maji ya birika lililokuwa kwenye mbabula, mara nne ya kahawa yenyewe. Sikungoja yapoe: Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayetaka maziwa nilimkamulia mara mbili, kila mara kwa unga mpya. (Umeme ukikatika, na hukatika ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba yetu hii hii, tunarudi kwenye chujio la kitambaa.)

Mama alizipa majina siku hiyo hiyo: “kahawa ya kukamua sana” na “kahawa ya mayi”. Waitaliano huziita lungo na americano. Neno lungo linasema tu kwamba ni ndefu, na americano linataja watu. Majina ya mama yanakuambia mkono ulifanya nini.

Niliyaweka kwenye kazi yangu ya somo la istilahi. Karatasi ilirudi na wino mwekundu: “lugha ya jikoni”. Mayi yamekuwa maji, beko imekuwa wako, ndani ya alama za kunukuu! Mwanaisimu anayemsahihisha msemaji wake hana data tena. Ana maneno yake mwenyewe yaliyowekwa kinywani mwa mtu mwingine.

Na jikoni kuna kosa gani? Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili hiki hiki cha Katanga. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na vyuo vya mbali vinaisoma. Walioiandika ndio waliowapikia wazungu kahawa. Sisi tunaoishi hapa tunakaa darasani kubuni istilahi kwa kamusi ya Kifaransa, kisha tunashangaa hakuna anayezitumia sokoni.

Sipingi Kiswahili sanifu; makala hii nimeiandika kwacho. Ninachotaka ni kanuni moja katika kitivo chetu: kabla ya kubuni neno, twende tukamsikilize anayefanya kazi hiyo, tuandike kama alivyosema, tahajia ya sanifu ikae pembeni yake.

Mada za utafiti zinakusanywa mwisho wa mwezi. Nimeirudisha yangu. Mayi yamebaki mayi.