Wageni wapitia Suna bila kukaa, riziki yao yawapita wenyeji

NDEGE ndogo zinazotua katika uwanja wa Migori hushusha abiria wa aina mbili. Yupo mwenyeji anayerudi kwao kwa mazishi, harusi au likizo. Na yupo mtalii ambaye asubuhi alikuwa Maasai Mara na kabla ya jua kutua anatarajia kuwa kambini Serengeti, ng'ambo ya mpaka. Huyu wa pili hakuja kuiona Migori. Gari lililokodiwa na wakala wake miezi kadhaa kabla huwa linamsubiri kando ya uwanja. Mizigo hupakiwa, safari ya takriban kilomita 20 hadi Isebania huanza, pasipoti hupigwa mihuri, kisha mgeni huingia katika gari jingine lenye nambari za usajili za Tanzania na kupelekwa Tarime, ambako ndege nyingine inamngoja.

Ukiitazama ramani, safari hii inastaajabisha. Mara na Serengeti ni mbuga moja iliyokatwa na mstari uliochorwa na wakoloni, na nyumbu huuvuka mstari huo kila mwaka bila kuulizwa cheti. Binadamu aliyelipa maelfu ya dola kuja kuwatazama nyumbu hao ndiye anayelazimika kuzunguka kupitia Suna. Lakini mzunguko huo ndio nafuu yenyewe, kwa kuwa njia nyingine ni kurudi Nairobi, kupanda ndege hadi Kilimanjaro au Arusha, kisha kuruka tena kuelekea Serengeti. Anayepita Migori huokoa karibu siku nzima.

Chanzo cha haya yote ni mwaka wa 1977. Kabla ya hapo, kampuni za Nairobi zilikuwa zikiwachukua wageni kwa gari moja kutoka Mara, kupitia lango la Sand River upande wa Kenya na Bologonja upande wa Tanzania, hadi Serengeti na Ngorongoro, kisha kuwarudisha Nairobi. Tanzania ililalamika kwamba wanyama walikuwa wake ilhali fedha zilibaki kwa jirani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunga mpaka na magari ya utalii yaliyosajiliwa Kenya yakazuiliwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka wa 1983, lakini kivuko cha Bologonja hakikurejeshwa kwa watalii hadi leo. Dar es Salaam hutoa hoja ya mazingira, kwamba msururu wa magari kutoka Mara ungeiharibu Serengeti kaskazini. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa yeyote aliyewahi kuona magari kumi yakimzingira duma mmoja. Hoja ya fedha nayo haitajwi sana hadharani, ingawa ndiyo iliyotangulia.

Mnamo 1985 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa ushirikiano katika utalii. Mkataba huo uliruhusu magari ya watalii kuvuka, lakini kwa mipaka: gari la Kenya lingewafikisha wageni katika miji iliyotajwa ya Tanzania na kuwakabidhi kwa gari la huko, bila kuingia mbugani. Gari la Tanzania nalo lingefanya vivyo hivyo nchini Kenya. Ndiyo sababu ya kubadilisha magari pale Isebania na Sirari. Dereva wa Migori anaweza kuwa mwadilifu na gari lake likawa jipya kuliko la mwenzake, lakini kazi yake hukoma mpakani.

Ugumu wa mkataba huo ulionekana wazi Desemba 2014, wakati Kenya ilipoyapiga marufuku magari ya utalii ya Tanzania kuchukua na kushusha wageni katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Nairobi ilisema mkataba ulitaja miji, haukutaja viwanja vya ndege. Kwa wenye magari ya Arusha, waliozoea kuwasafirisha wageni kati ya Nairobi na kaskazini mwa Tanzania, hilo lilikuwa pigo kubwa. Waziri Phyllis Kandie wa Kenya na mwenzake Lazaro Nyalandu wa Tanzania walizungumza Januari 2015 na marufuku ikasitishwa kwa muda, lakini mwafaka haukupatikana. Machi mwaka huo Tanzania ilijibu kwa kupunguza safari za shirika la Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Ilibidi Rais Uhuru Kenyatta na Rais Jakaya Kikwete wakutane Windhoek, walikokwenda kuhudhuria kuapishwa kwa Rais Hage Geingob wa Namibia, ndipo pande zote mbili zikarudi nyuma. Marais wawili walikuwa wamekaa kujadili ni nani ampokee mgeni mlangoni mwa uwanja wa ndege.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa Suna, kwa maana kinaonyesha kwamba usafiri wa kutoka uwanjani hadi malazini, unaoonekana kuwa jambo dogo la kupigiana simu na dereva, ni biashara inayoweza kugombanisha mataifa. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kile ambacho Migori yenyewe hupata.

Jibu la haraka ni kwamba hupata kidogo. Malipo ya usafiri huo huingizwa ndani ya bei ya safari nzima, ambayo mgeni hulipia akiwa London au New York, kupitia wakala aliye Nairobi au Arusha. Mgeni hafungui mkoba akiwa Suna. Hali chakula, halali hotelini, na aghalabu hashuki garini hadi afike mpakani. Kinachobaki ni ujira wa dereva, mafuta, ada za uwanja na labda soda. Pale ambapo kampuni ya usafiri huleta gari na dereva kutoka nje ya kaunti, hata ujira huo hauhesabiki kuwa wa wenyeji.

Madereva wa mjini wana la kujibu pia, na si haki kulinyamazia. Wakala anayemtuma mgeni wake kwa mtu asiyemjua hutaka uhakika wa mambo matatu: kwamba gari litakuwepo ndege inapotua, kwamba lina leseni ya kubeba abiria, na kwamba lina bima inayomlinda abiria huyo. Katika ukanda huu wa Nyanza, gari ambalo watu hupanda kila siku ni Probox, nalo hujazwa hadi abiria wakakaliana mapajani. Linawafaa wanaokwenda Awendo au Rongo sokoni. Wakala wa Ulaya halikubali, na hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Suala la bima halifahamiki vyema hata miongoni mwa wenye magari. Sheria ya Kenya humtaka kila mwenye gari awe na bima ya kuwafidia watu wengine, lakini bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida huacha nje abiria aliyelipa nauli. Maana yake ni kwamba anayempokea mgeni kwa gari la nyumbani na kupokea malipo anaendesha gari ambalo, ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kulikana. Kwa wanaovuka mpaka kuna pia kadi ya manjano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa ilijiondoa katika umoja huo mwaka wa 2000. Mwenye nyaraka hizi hupata kazi ya mawakala. Asiyekuwa nazo hubaki kulalamika kwamba kazi hutolewa kwa upendeleo, na pengine huwa kweli, lakini hawezi kulithibitisha akiwa na stakabadhi nusu.

Pia kuna wageni wengine, tena wengi kuliko watalii, ambao magazeti huwasahau. Hawa ni Wakenya wenyewe. Kila Desemba, wenyeji wa Suna wanaoishi Nairobi, Mombasa, Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba hurudi nyumbani. Wengi wao hutua Kisumu, uwanja uliopanuliwa na kufunguliwa upya kuwa wa kimataifa mwaka wa 2011, kisha hukabiliwa na safari ya zaidi ya kilomita 150 hadi Migori. Mwenye begi moja atapanda matatu. Mwenye watoto watatu, mama mzee na masanduku manne yenye zawadi za ukoo mzima atahitaji gari zima.

Safari hiyo haipangwi kwa programu za simu kama zilivyozoeleka Nairobi tangu Uber ilipoingia mwaka wa 2015. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2022, zilizozuia kampuni hizo kutoza madereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli, hazimgusi anayekodi gari la Kisumu hadi Suna kwa kumpigia binamu simu. Huko, jina la dereva hupatikana kwa kuulizana, bei hupatanwa kwa mdomo na arubuni hutumwa kwa M-Pesa. Utaratibu huo una faida yake: dereva anajulikana kwao, na akikosa adabu habari humfikia mamake. Hasara ni kwamba hakuna maandishi.

Ugomvi mwingi huzuka kutokana na yale ambayo hayakusemwa. Je, bei iliyotajwa ni ya gari zima au ya kila abiria? Ndege ikichelewa saa tatu, nani hulipia muda wa kusubiri? Dereva anayetoka Suna kwenda Kisumu bila abiria ataihesabu safari ya kwenda pia, na ni haki yake, lakini mteja aliyedhani analipia safari moja atahisi ameibiwa. Njia nayo hubadilisha gharama: kupitia Ahero na Kisii si sawa na kupitia Kendu Bay, Homa Bay na Rongo. Mtu anayepanga mapema angefanya vyema kuuliza haya yote kwa ujumbe mfupi wa simu, ili jibu libaki limeandikwa, na kuomba nambari ya usajili ya gari kabla ya kutuma arubuni. Si busara kulipa nauli yote kabla ya kumwona dereva. Wala si busara, kwa upande wa dereva, kuondoka Suna alfajiri bila hata senti ya mafuta kutoka kwa mteja anayeweza kuzima simu.

Barabara yenyewe sasa si kisingizio. Ile ya kutoka Isebania kupitia Migori na Kisii hadi Ahero ilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hatari iliyobaki ni usiku. Anayetua Kisumu kwa ndege ya jioni atapita vilima vya Kisii gizani, katikati ya malori, bodaboda zisizo na taa na watu wanaotembea kando ya lami. Kulala Kisumu na kuondoka asubuhi huongeza gharama ya malazi, lakini familia nyingi zingefanya hesabu hiyo upya kama zingepima kilicho upande wa pili wa mizani.

Katika siasa za mpaka, mwelekeo wa karibuni haumpi dereva wa Migori matumaini. Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, Selemani Jafo, alitangaza agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo kuongoza watalii, kutoa huduma za pesa kwa simu na kutengeneza simu. Wafanyabiashara wa Kenya walipinga wakisema linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Hata hivyo, Tanzania pia haikujiunga na viza moja ya watalii ambayo Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mwaka wa 2014. Mtalii anayevuka Isebania bado hushughulikia ruhusa mbili za kuingia, moja kwa kila nchi, na anayesahau jambo hilo hukwama mpakani huku ndege yake ikisubiri Tarime.

Kwa hiyo, mahali ambapo Migori ina uwezo wa kubadilisha mambo bila kuomba idhini ya Dodoma ni upande wake wenyewe wa mpaka. Kaunti hii ina Thimlich Ohinga, boma kubwa la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambalo ujenzi wake unakadiriwa kuwa wa karne ya 16. UNESCO iliorodhesha mahali hapo kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Jirani, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna Mbuga ya Ruma yenye korongo, swala adimu ambaye Kenya nzima hampati kwa urahisi kwingineko, na kuna kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Mgeni aliyetua Migori saa nne asubuhi na ambaye ndege yake ya Tarime itaondoka kesho yake angeweza kuonyeshwa Thimlich mchana na kulala Suna usiku.

Ili hilo litendeke, lazima awepo mtu wa kumpokea uwanjani, kumpeleka na kumrudisha, kwa gari lenye leseni na bei iliyotangazwa kabla. Chama cha madereva wa Suna chenye magari kumi yaliyokamilika stakabadhi kingeweza kupeleka ombi kwa mawakala wa Nairobi hata msimu ujao wa nyumbu. Kwa sasa anayetaka kufika Thimlich kutoka uwanjani hulazimika kuuliza mjini, na mara nyingi jibu hutegemea nani amekutana naye kwanza.