Mwizi ao mama? Picha inatufunza kuhukumu



Wazee wa Lubumbashi wanaikumbuka vizuri picha ya mamba muntu. Katika miaka ya 1970 ilitundikwa katika vyumba vingi vya wageni: mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, nusu yake samaki, ameketi kando ya maji. Watu walisimulia kwamba anatoa utajiri, lakini anadai malipo: anayepokea feza zake ashike siri, na awe wake peke yake. Mchoraji hakuandika pembeni kwamba mtu huyo ni mbaya ao ana bahati. Alichora tu, na wageni waliokaa chini ya picha wakabaki na swali: je, wewe ungekubali?

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya picha za namna hiyo, zaidi sana zile zinazochanganya vitu vingi: rangi, maneno, fotoo, karatasi, vipande vya nguo. Kwa nini tuzilete katika gazeti la familia? Kwa sababu sisi wamama tunahukumu kila siku. Watoto wanagombana, jirani anashitakiwa, mwenzetu wa kikundi anakosa, na watu wanatutazama sisi tuseme neno. Mara nyingi neno letu linatoka mbio kuliko macho yetu.

Katika muji huohuo wa Lubumbashi aliishi mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya nguo ya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya mia moja za historia ya inchi yetu, na akazieleza kwa Kiswahili chetu mbele ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, ambaye baadaye alizitia katika kitabu. Tshibumba hakuficha hukumu yake. Katika picha ya kifo cha Lumumba alitia misalaba mitatu nyuma, na damu ya marehemu inaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Kila anayeitazama anajua mchoraji yuko upande gani.

Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, alifanya kwa njia ingine. Yeye hakutumia rangi, alitumia fotoo. Mwaka 2006 alichukua fotoo za zamani za wafanyakazi wa migodi na za wazungu wa wakati wa ukoloni, akaziunganisha na fotoo mpya za viwanda vya Gécamines vilivyobaki magofu. Watu wa zamani hawana rangi, magofu yana rangi. Sasa tujiulize: kazi ile ilikuwa nzuri ao mbaya? Bibi zetu wengine wanakumbuka posho, nyumba, masomo na hospitali ya kampuni. Wanakumbuka pia kwamba mtu mweusi alihesabiwa kama chombo. Yote mawili ni kweli. Ukitoa moja, picha inakuwa uongo.

Hapo ndipo tunapata somo letu. Mdomo unataka neno moja: mwizi, malaya, mvivu, mchawi. Lakini ubao mmoja unaweza kubeba vitu viwili visivyopatana, bandiko juu ya bandiko, na kimoja hakifuti kingine.

Tuliona jambo hilo katika kikundi kimoja cha wamama tunachokifundisha kusoma. Mtunza-feza alikula feza za likelemba. Mtoto wake alikuwa anawaka homa usiku, na hospitali ilidai malipo kwanza. Siku ya kugawa ilipofika, sanduku lilikuwa tupu. Kelele zikawa nyingi: wengine walisema afukuzwe, wengine walisema mama yeyote angefanya vile. Hakuna aliyesikiliza mwenzake. Basi, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, tuliweka karto moja kubwa juu ya meza, na kila mtu akaombwa abandike kitu kimoja bila kusema.

Mmoja alibandika karatasi ya dawa. Mmoja akapaka makala meusi pembeni, akasema baadaye kwamba ni usiku ule. Mwingine alikata kipande cha kitenge cha kubebea mtoto. Kisha mama mmoja mwenye kimya akachora duara kumi na moja zisizo na kitu ndani: hao ni wenzetu waliongoja zamu zao. Katika duara moja akatia ukurasa wa daftari, kwa sababu mtoto wa mmoja wao alirudishwa nyumbani kwa kukosa feza za masomo. Sisi wote tulinyamaza. Hata mtunza-feza alisema, "Hao sikuwaona usiku ule."

Je, picha ilimaliza maneno? Hapana. Ilibidi kuamua, na wamama waliamua: atalipa kidogo kidogo kila mwezi, atabaki katika kikundi, lakini hatashika tena sanduku. Tena wakaweka feza kidogo pembeni kwa ajili ya ugonjwa, ili mwingine asijaribiwe vile. Mama mmoja hakuridhika, na mpaka leo anasema adhabu ilikuwa ndogo. Ana haki ya kusema. Kuelewa sababu ya mtu si kumwambia hakukosa. Lakini hukumu iliyotazama pande zote, hata anayeikataa anajua imetoka wapi.

Mnaweza kufanya vile nyumbani na watoto, bila kununua kitu. Chukueni karto ya sanduku, magazeti ya zamani, vipande vya kitenge, makala, majivu na udongo mwekundu. Pikeni unga wa muhogo na maji mpaka ushike, hiyo ndiyo gundi. Kisha wapeni hadithi yenye njia mbili: mtoto aliyesema uongo ili kumlinda ndugu yake, ao mtu aliyeokota feza sokoni wakati nyumbani hakuna chakula. Picha ikiisha, ulizeni maulizo matatu: Nani anaumia hapa? Nani hayuko katika picha, naye jambo linamgusa? Wewe ungefanya nini?

Tunaomba mambo mawili. Msitumie jina la jirani, maana picha itageuka masengenyo yenye rangi. Na mtoto akipaka uso wa mwizi rangi nzuri, msimkosoe haraka. Mwulizeni sababu. Pengine ameona kitu ambacho sisi wakubwa tumekipita.

Kikundi chenye neno gumu mbele yake kijaribu njia hii kabla ya kupiga kura. Mlete karto zenu kwenye mkutano wetu, tuzitazame pamoja.