Kiumbe Mdogo na Maji Tuyamwagayo



Ndugu zetu katika imani, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao mikononi mwenu hupita karibu maji yote ya nyumba, juma hili twaomba mtuvumilie tuzungumzie kiumbe asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele.

Tulikuwa Nairobi, mtaa wa Jamhuri, kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Mvua za masika zilikuwa zimeacha vidimbwi uwanjani, na mjukuu wetu akaingia nyumbani na chupa ya maji mkononi. "Babu, tazama, wanarukaruka!" Tukatazama, na kweli walikuwa wakirukaruka. Wataalamu humwita mnyama huyu dafnia, na wengine humwita kiroboto wa maji, ingawa si kiroboto bali ni wa jamaa ya kamba na kaa. Mwili wake huangaza kama kioo, hata ukimtazama kwa lenzi waona moyo wake unavyopiga. Kazi yake ni kuchuja maji na kula mwani mdogo usioonekana kwa macho, naye huliwa na watoto wa samaki. Akitoweka yeye, mwani huzidi na samaki hukosa riziki.

Siku hiyohiyo binti yetu alikuwa amemnunulia mtoto soksi za bei kubwa, zilizoandikwa kuwa zina madini ya fedha yanayozuia harufu. Mtoto huona haya kuvua viatu mlangoni mwa madrasa, na mama alitaka kumsitiri mwanawe. Nia yake ilikuwa njema. Lakini tulipotazama soksi zile, kisha tukaitazama chupa ile, tukajiuliza: fedha hiyo ikifuliwa huenda wapi?

Fedha iliyomo katika nguo za namna hiyo mara nyingi huwa ya chembe za nano. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na chembe tunazozisema hazizidi 100. Kila mpishi anajua kuwa chumvi ya mawe huchelewa kuyeyuka na chumvi laini huyeyuka mara moja, kwa sababu iliyosagwa hukutana na maji kila upande. Hali ya madini ni hiyohiyo: pete ya fedha hukaa kidoleni miaka mingi bila kudhuru, lakini fedha iliyosagwa kufikia nano huachilia majini sehemu yake kali.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona huko Marekani, Troy Benn na Paul Westerhoff, walizichukua soksi za aina sita na kuzisukasuka katika maji safi. Baadhi zilipoteza karibu fedha yake yote baada ya kufuliwa mara chache tu. Basi mnunuzi hubaki na soksi za kawaida, na fedha aliyoilipia imekwenda na maji.

Na ikimfikia dafnia humfanya nini? Mnyama wa maji baridi huishi mahali penye chumvi chache, kwa hiyo mwili wake hufanya kazi ya kuivuta chumvi ndani bila kupumzika. Fedha huufunga mlango huo, na chumvi ya mwilini hupungua hadi mnyama akalegea na kufa. Zinki, inayotiwa katika baadhi ya krimu za ngozi, nayo huyeyuka ikamdhuru. Titani, inayoipa rangi nyeupe poda na dawa nyingi za meno, haiyeyuki, ila hugandamana na gamba lake. Wataalamu wa Ujerumani walieleza mwaka 2011 kwamba dafnia aliyegandwa hivyo hushindwa kujivua gamba, na asiyejivua gamba hawezi kukua. Kipimo cha kawaida cha sumu huchukua saa 48, na katika muda huo wanyama wale walionekana wazima. Madhara yalidhihiri walipongojewa hadi saa 96. Mwenye haraka angesema maji ni salama.

Hapa pana somo kwetu sisi tuliosoma vitabu vya fiqhi. Tumefundishwa kuyapima maji kwa rangi, ladha na harufu. Chembe hizi hazigeuzi hata moja katika hayo matatu, wala madini si najisi. Maji hayo udhu wake wasihi. Lakini tohara ni jambo moja na usalama ni jambo jingine, na dini iliyotukataza kudhuru haikusema tusidhuru kile tunachokiona peke yake. Katika Suratun-Naml, Mwenyezi Mungu ametusimulia habari ya mdudu chungu aliyewahofia wenzake wasipondwe na jeshi la Nabii Sulaiman bila wenyewe kujua. Nabii yule aliyasikia maneno ya kiumbe mdogo, akatabasamu, akamshukuru Mola wake.

Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akasema, haya ni ya watu wa Nairobi. La! Karibu na Jamhuri hupita mto Motoine, ukashuka Kibera hadi Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya mji, na watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga humo. Leo limejaa gugumaji na taka. Kutoka hapo maji huitwa mto Ngong, yakaingia mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, na mwisho ni Sabaki, unaomwaga baharini kaskazini ya Malindi. Maji yaliyofulia Jamhuri safari yake huishia kwetu. Na sisi wa pwani tumekwisha kuonja ubaya wa madini. Risasi ya kiwanda cha betri kuukuu iliwaumiza watu wa Owino Uhuru, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ile si nano, lakini funzo ni moja: walio wadogo ndio huumia mwanzo.

Hatusemi haya ili kutia hofu. Katika mitambo ya kusafishia majitaka, sehemu kubwa ya fedha hugeuka ikawa si kali tena. Tatizo ni maji yanayomwagwa mitaroni moja kwa moja. Wala asiache mtu bandeji ya fedha aliyopewa na daktari kwa jeraha la moto, wala mwenye ualbino asiache krimu yake ya jua. Hiyo ni haja. Tunayoyasema ni yale yasiyo na haja.

Binti yetu alituuliza, "Baba, jozi moja ya soksi itaua mto?" Tukamjibu kuwa haba na haba hujaza kibaba, na Jamhuri si nyumba moja. Soksi za pamba zikifuliwa kila siku kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa juani hazinuki. Miguu ikioshwa vizuri kwa udhu mara tano, ikakaushwa baina ya vidole, harufu itatoka wapi? Krimu iliyopitwa na wakati isimwagwe sinkini. Na kabla ya kununua kilichoandikwa kuwa kinaua vijidudu, tujiulize kitaua nini kingine kikitoka nyumbani mwetu.

Jioni ile mjukuu wetu aliichukua chupa yake, akairudisha dimbwini, akaimimina polepole asiwaumize. Hakuna aliyemwagiza.

Wabillahi tawfiq.