Joka si Hoja

Sisi wapenzi wa ushairi tuna kauli tunayoitoa kwa wepesi kila zinapotajwa riwaya za kifantasia za Wazungu: kwamba ni ngano za watoto walizoandikiwa watu wazima waliokataa kukua. Vijana wetu wanaozisoma nao wana kauli yao, wanayoitoa kwa wepesi uleule: kwamba sisi tumezeekea kwenye vina na mizani, wala hatujui dunia imekwenda wapi. Nimezisoma riwaya hizo miaka mingi, na mashairi nimeyasoma miaka mingi zaidi. Dai langu ni kwamba pande zote mbili zimepotea, na zimepotea njia moja. Zote zinadhani kinachoifanya fantasia ni joka, upanga na ramani ya nchi isiyokuwepo. La hasha! Kinachoifanya ni lugha. Na kwa sababu hiyo, nyingi katika riwaya hizi ni mbovu, na chache ni miongoni mwa vitabu bora vya karne ya ishirini.

Natuanze na mkubwa wao. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa mwaka 1892, hakuwa mtunzi kwa kazi. Alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford kuanzia mwaka 1925, kisha profesa wa lugha na fasihi ya Kiingereza kuanzia 1945 hadi 1959. Alibuni lugha kwanza, akazipa sarufi na historia ya sauti zake, ndipo akatafuta watu wa kuzisema na nchi ya kuwaweka watu hao. Mwaka 1936 alitoa mhadhara juu ya Beowulf, utenzi wa kale wa Kiingereza, akiwakemea wataalamu waliokuwa wakiuchimba kama shimo la historia huku wakiyaonea haya majitu na joka lililomo. Alitaka usomwe kama ushairi. Mwaka uliofuata akatoa The Hobbit, na baina ya 1954 na 1955 ikatoka The Lord of the Rings katika majalada matatu, ndani yake mkiwa na mashairi yanayopita 60, mengine yakifuata kanuni ya kale ya Waingereza ya kufunganisha mstari kwa sauti za mwanzo wa maneno.

Kitabu hicho kilipotoka, mhakiki Edmund Wilson wa Marekani alikikejeli katika jarida la The Nation mwaka 1956, akakiona si kazi ya mtu mzima. Aliyekitetea katika The New York Times alikuwa malenga, W.H. Auden, ambaye ujanani mwake pale Oxford aliwahi kumsikia Tolkien akighani Beowulf. Mhakiki aliangalia joka. Malenga alisikiliza sauti. Nasi tunaojiita wapenzi wa ushairi, ajabu ni kwamba tumesimama upande wa mhakiki.

Sasa mgeukie kijana ambaye chumba chake kimejaa vitabu hivyo. Muulize mashairi ya Tolkien anayasoma vipi. Aghalabu atakujibu bila haya kwamba huyaruka, kwani yanachelewesha hadithi. Amekipenda kitabu kwa dhati, na moyo wa kitabu ameupita kama apitaye kaburi lisilo jina. Filamu zilizotolewa kuanzia 2001 hadi 2003 zilifuata mwendo uo huo: nyimbo nyingi ziliachwa, na Tom Bombadil, mhusika ambaye hata maneno yake ya nathari yana mizani, aliondolewa kabisa. Nani angemlilia? Mwenye kuruka mashairi alikwisha kumruka zamani.

Wachapishaji waliona mapema kwamba msomaji wa namna hii ni soko. Mwaka 1977 Terry Brooks alitoa The Sword of Shannara, kitabu kilichofuata nyayo za Tolkien kwa karibu mno hata wahakiki wakapiga kelele. Kikauzwa kwa wingi, na mlango ukafunguka. Kuanzia hapo kila mwaka ukaleta kijana wa shambani asiyejua asili yake, mzee mwenye fimbo na mfalme wa giza. Kilichonakiliwa ni mifupa. Lugha haikunakiliwa, maana lugha hainakiliki. Yataka mtu akae nayo maisha yake yote.

Ursula K. Le Guin alikwisha kuliona hilo. Katika makala yake ya mwaka 1973 alichukua mazungumzo kutoka riwaya moja ya kifantasia ya wakati ule, akabadili majina na maneno machache, na mazungumzo yakageuka kuwa ya wanasiasa wa Washington, bila mshono kuonekana. Hukumu yake ilikuwa wazi: ikiwa watu wa nchi ya ajabu wanasema kama makarani wa ofisi, basi hakuna nchi ya ajabu. Mtihani huo ni mwepesi, na kila msomaji anaweza kuufanya nyumbani kwake. Riwaya nyingi zinazosifiwa leo huanguka kabla ya ukurasa wa kumi.

Badala ya uzito wa neno, tumeletewa uzito wa karatasi. Kitabu cha kwanza cha J.K. Rowling, cha mwaka 1997, kilikuwa na kurasa 223 katika toleo la Uingereza; cha tano, cha mwaka 2003, kilikuwa na 766. Sikanushi kwamba mwanamke huyu aliwarudisha watoto wengi kwenye kusoma, wala kwamba ana kipaji cha kubuni majina. Nasema tu kwamba umaarufu ulipopanda, mkasi uliwekwa kabatini. Robert Jordan alianza mfululizo wake mwaka 1990, akafariki mwaka 2007 akiwa ametoa majalada 11 ya hadithi hiyo. Brandon Sanderson akaumalizia kwa majalada matatu zaidi, la mwisho likitoka 2013. Naye George R.R. Martin alitoa jalada la kwanza mwaka 1996 na la tano mwaka 2011, kisha televisheni ikaifikisha hadithi yake mwisho mwaka 2019 kabla yake mwenyewe.

Wengi wamemtukana Martin kwa kuchelewa, kana kwamba ni fundi aliyechukua malipo ya kabati akatoroka. Simtukani. Swali langu ni kwa hao wanaomtukana: mnachomdai ni nini hasa? Kama ni kujua nani aliketi kwenye kiti cha enzi, basi hadithi hiyo mtu yeyote aweza kukusimulieni, na maneno ya mwandishi yalikuwa gunia tu la kubebea matukio. Hakuna mpenzi wa ushairi aliyewahi kuridhika kuhadithiwa shairi. Kitabu ambacho muhtasari wake unatosha, muhtasari wake ndio ulistahili kuchapwa.

Kinyume cha hayo kipo, na kwetu sisi watu wa visiwani kilipasa kuwa cha kwanza kusomwa. A Wizard of Earthsea cha Le Guin kilitoka mwaka 1968, nacho ni kitabu chembamba. Dunia yake ni visiwa vitupu, na safari zake ni za mashua na pepo za bahari. Uganga humo ni kulijua jina la kweli la kila kitu katika lugha ya kale. Mwenye kukosea neno huangamia. Shujaa wake ana ngozi ya kahawia. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilipomgeuza kuwa mweupe, mwandishi alilalamika hadharani. Hakuwa mpole kwa kazi yake mwenyewe pia: baada ya majalada matatu ambamo elimu ya wanaume ndiyo iliyotawala, alirejea mwaka 1990 na Tehanu, akahoji kwa nini wanawake walifungiwa mlango. Na haishangazi kwamba alikuwa pia mtunga mashairi hadi alipofariki mwaka 2018.

Wazee wangu, dharau yetu basi inasimama juu ya nini? Shaaban Robert, malenga wa malenga, alitupa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, ambamo ndugu wanageuzwa manyani. Alfu Lela Ulela imelaza watoto wetu vizazi na vizazi. Tenzi zetu za vita zina majini na mashujaa wapasuao majabali. Anayeyakubali hayo na kulikataa joka la Tolkien kwa kuwa ni joka, huyo anachagua pasipoti, hachagui fasihi.

Na wewe kijana unayetaka kuandika fantasia kwa Kiswahili, usianze na ramani. Tolkien alilazimika kubuni lugha za kale ili maneno yake yawe na kivuli nyuma yao. Wewe huna haja hiyo. Unacho Kiamu, Kimvita, Kitumbatu na Kimakunduchi. Unayo maneno ya tenzi ambayo wasomi huyatafutia maana kamusini na bibi yako huenda akayatumia jikoni. Mwenye hazina hiyo akamwandikia joka wake maneno ya taarifa ya habari, amejifanya maskini kwa hiari yake. Rudi kwenye vitabu unavyovipenda, uyasome kwa sauti yale mashairi uliyoyaruka. Ukiyaona mabaya, useme ni mabaya na utoe sababu; hapo tutakuwa tunajadili fasihi.