Binti Kuvunja Ungo: Je, Tayari kwa Ndoa?

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na katika mafundisho ya ndoa, waamini hutuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: binti akisha kuvunja ungo, je, si ishara kwamba Muumba mwenyewe amemkomaza kwa ajili ya ndoa? Swali hili husikika vijijini kwenye miteremko ya Mlima Meru na vilevile katika mitaa ya Jiji la Arusha. Halifai kukemewa. Linadai jibu, kwa maana nyuma yake mara nyingi yupo binti ambaye mahari yake imekwisha kuzungumzwa.

Tuanze na mwili. Hedhi ya kwanza ni mwanzo wa safari ya ukuaji, wala si mwisho wake. Baada ya siku hiyo, mifupa ya nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa. Binti anayejifungua kabla ya kukua vya kutosha yumo katika hatari ya uchungu pingamizi, kupoteza mtoto na kupata fistula, ugonjwa unaomfanya avujwe na mkojo bila kujizuia hata akaona haya kuketi na wenzake kanisani. Shirika la Afya Duniani linataja matatizo ya ujauzito na uzazi kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 ulimwenguni.

Mkoani kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwani mahali pengine ukeketaji huhesabiwa kuwa mlango wa kuingilia ndoa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 43 ya wanawake wa Arusha wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ilhali kwa Taifa zima ni asilimia 8. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998.

Kuhusu sheria za nchi, mkanganyiko wa waamini una sababu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na ikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu hata miaka 14. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya makosa ya kujamiiana nayo huita ubakaji tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18, hata akiridhia, isipokuwa awe mke mwenye miaka 15 au zaidi. Hapo ndipo penye jeraha: jambo lile lile ambalo ni kosa zito hugeuka halali mahari ikisha kupokelewa.

Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufani. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali, na hoja ya kulinda mila na dini haikuviokoa vifungu hivyo. Aidha, tangu mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Na Mama Kanisa je? Yatupasa kusema kweli yote. Kanuni ya 1083 ya Sheria za Kanisa inataja miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke. Wapo wanaoichukua kanuni hii kuwa ruhusa. Sivyo. Ni kizuizi: chini ya umri huo hakuna ndoa halali hata kidogo, na kanuni hiyo hiyo inawapa Mabaraza ya Maaskofu mamlaka ya kuweka umri wa juu zaidi. Kanuni ya 1095 inaongeza kuwa asiyeweza kupambanua haki na wajibu wa msingi wa ndoa hawezi kuifunga. Ndoa huzaliwa na ridhaa ya wawili. Ridhaa ya baba, hata ikisindikizwa na ng'ombe wengi, haiwezi kusimama mahali pa ridhaa ya binti.

Basi, ndugu waamini, viongozi wa Jumuiya wasikae kimya wanaposikia posa ya mwanafunzi. Wamwarifu paroko, na pia ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Wazazi nao wazungumze na watoto wao, wa kike na wa kiume, kuhusu mwili na heshima yake, kabla wengine hawajawafundisha vibaya. Mungu aliyempa binti mwili unaokua amempa pia akili, dhamiri na wito ambao bado anautafuta. Tumpe muda wa kuusikia.