Likizo Hii, Twendeni Msimbati
Fedha za korosho zikiingia, wengi wetu Ndanda, Masasi na Newala tukifikiria kuwatembeza watoto tunawaza Dar es Salaam. Naomba safari hii tuelekee pwani yetu ya Mtwara. Huko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na kijiji cha Msimbati kimo ndani yake. Maji yakipwa, mtoto hutembea mwambani akiona matumbawe, kaa na majongoo bahari kwenye vidimbwi. Lipeni kiingilio, pigeni hema mtakapoelekezwa, nunueni samaki kwa wavuvi wa hapo, na taka zenu rudini nazo. Mtoto aliyeyaona matumbawe kwa macho yake hatavumilia uvuvi wa baruti unaoyaharibu. Bahari hii ni yetu. Tuizoee ili tuilinde.